Mla Panya wa Ng'ambo

Kuna uchovu wa jembe, na kuna uchovu wa kuonewa huruma. Huu wa pili ndio wangu. Mimi na mama tulivuka Ruvuma kukimbia vita, huu mwaka wa tatu tuko Newala, na bado watu wakiniona wanashusha sauti kama wanapita wodini. Sisi Wamakonde, wao Wamakonde. Lakini wenzangu darasani wanatukanana na watani wao Wayao, wakiitwa wala panya, mpaka machozi ya kicheko yanawatoka, nikichomeka neno mimi, Myao anawaambia wenzake kwa upole, "Mwacheni, mkimbizi huyo." Upole huo umenimaliza kuliko njaa.

Basi akafa jirani yetu, fundi cherehani, Myao. Msiba wa Myao ni uwanja wa watani: Wamakonde wanamwigiza marehemu, wanaziba njia jeneza lisipite, na kazi zote za msibani ni zao. Mama akanionya, "Sisi wageni, baba. Katulie."

Nikatulia mpaka nikachoka. Watani wenyeji wenyewe walikuwa wanaigiza ovyo, mmoja anakohoa tu kama marehemu. Nikachukua kamba ya ndoo, nikaitundika shingoni kama futi ya fundi, nikaanza kuwapima wafiwa viuno.

"Suruali yako tayari, bado miguu tu. Njoo kesho kutwa!"

Ndivyo marehemu alivyonizungusha na kaptula yangu ya shule, miezi minne.

Hakucheka mtu. Nyuma yangu sauti ikanong'ona, "Maskini, vita imemvuruga." Mama akajifunika uso kwa kanga. Nikatamani kurudi ng'ambo na mabomu yake.

Dada wa marehemu, mama mtu mzima, akainuka mkekani. Nikajua kofi hilo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe mla panya! Kaka yangu kafa, bado unamfuata na kaptula? Matako yenyewe ya kuivalia unayo? Wenzako wamejaa hapa wanavimbiwa ubwabwa wangu, na maji hakuna. Shika ndoo!"

Watu wakaangua kicheko, na Mmakonde mmoja akanirushia ndoo ya pili.

Maji yako chini bondeni, na Newala iko juu. Safari ya tatu nikatua ndoo zote mbili. Nikakaa njiani, nikawaambia watani wenzangu mimi mkimbizi jamani, nionewe huruma.

"Panda mlima, mla panya," wakasema, wakanipita.