Kiti Kitupu cha Jukwaani

Watu wa Butembo wakikupenda, watakushika mkono njiani mpaka mboga zinyauke kwenye kikapu chako. Wakikukasirikia hawakupigi wala hawakutukani. Wanaacha kukusalimu tu, na katika mji ambao salamu zinakula nusu ya asubuhi, utajikuta unafika kazini mapema kuliko wote. Mwaka kilipotoka kitabu changu, nilikuwa nafika redioni kabla mlinzi hajafungua geti.

Kitabu kilikuwa cha maisha ya mwanamuziki wetu. Jina lake silitaji, na kwetu hakuna haja. Kuanzia Lubero hadi Beni hapakuwa na harusi iliyokwisha bila wimbo wake, wala matanga. Mimi nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha muziki kwenye redio ndogo ya mjini, na nilipiga nyimbo zake miaka mingi mpaka bosi wangu akauliza kama tumeoana. Alipofariki kwa ugonjwa wa figo, chama cha wapenzi wake kiliniomba nimwandike. Chama hicho kina prezida, washauri, fulana na kundi la WhatsApp lisilolala. Nilifurahi mno, na nilidhani kazi ngumu itakuwa kuandika.

Sura ambayo kila mtu aliisubiri ni ya kiti. Kila alipopanda jukwaani, upande wake wa kushoto paliwekwa kiti kitupu cha mbao, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kwenda kujibwaga pale, na wapiga gitaa wakamwinua kwa heshima zote kama watu wanaomsaidia mgonjwa. Siku moja studioni nilimuuliza kiti ni cha nani. "Ni ya mutu mwenye anachelewa," akajibu, akacheka, akaomba maji.

Baadaye mauaji yalipozidi mashambani kule Beni, watu wa huko walikipa kiti maana yao. Walisema ni cha wale waliokwenda shambani wasirudi. Kwenye tamasha moja mwanamke alipanda na kuweka maua juu yake. Mwanamuziki aliyatazama, akayaacha. Tangu siku hiyo, kila alipoimba Beni, kiti kilijaa maua.

Nilikwenda kumwona mama yake nyumbani kwake, juu kilimani, palipo baridi hata mchana. Nilimkuta anachagua maharagwe kwenye ungo. Alijibu maswali yangu yote ya utoto wa mwanawe, kisha akaweka ungo chini.

"Huyu mwenye batu banalilia ni wa pili," akasema. "Wa kwanza iko. Sijamuzika, na hapana mutu aliniambia amekufa. Andika vile, ao usiandike kitu."

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana kila kilichofuata kilitoka humo. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vivyo hivyo. Ukilisikia jina la mtu unajua ana kaka wangapi juu yake bila kuuliza. Na jina la mwanamuziki wetu lilikuwa la mvulana wa kwanza.

Mama alinieleza bila kuinamisha uso. Alizaa mtoto wa kiume kabla ya ndoa, na mtoto akabaki Mangina kwa bibi yake mzaa baba. Alipoolewa Butembo, ukoo wa mume ulikataa kuhesabu mtoto wa nyumba nyingine. Walianza hesabu upya, na wa pili akapewa jina la wa kwanza. Vijana wenyewe walikuja kujuana wakiwa wakubwa kidogo, huko Mangina. Kaka ndiye aliyemfundisha mdogo wake gitaa, yeye ameketi kitini, mdogo chini. Mdogo alimwahidi kwamba siku akipata jukwaa, kiti chake kitakuwa pale. Kisha kaka akaenda kuchimba dhahabu upande wa Manguredjipa, akabadilisha jina kama wachimbaji wengi wanavyofanya, na habari zake zikakatika.

"Miye nilimuacha akiwa wa mugongoni," mama akasema. "Nikipishana naye mu soko, simujue. Yeye pia hanijue."

Nilimwambia nitangaze redioni, ni kazi yangu. Akatikisa kichwa.

"Radio inasema, inanyamaza. Tena mu pori ya kule haifike. Kitabu, mutu anaitia mu mufuko na anaenda nayo."

"Mais mama, batu batasema nini?"

"Bwana yangu alishakufa. Bashemeki, batu ba ukoo yake, bote balishakufa. Nibakie na haya ya nani tena?"

Basi niliandika. Niliandika kama alivyosema, na nilipomsomea sura ile aliniomba niirudie. Kisha akaniuliza kitabu kitafika Manguredjipa lini, kana kwamba ni barua na mimi ni posta.

Kitabu kilitoka, na siku ile ile ya kwanza simu za redio zikawaka moto. Sikupata hata nafasi ya kupiga wimbo. Mtu wa kwanza alisema nimemvua mama wa watu nguo hadharani. Wa pili akataka kujua nimelipwa na nani, na hakungoja jibu. Mwingine alipiga kelele mpaka fundi mitambo akavua vifaa vya masikioni: "Mutu aliimba juu ya batu betu benye balikufa, wewe unasema alikuwa anangojea muchimbaji!"

Prezida wa chama alikuja mwenyewe ofisini. Ni mwalimu mstaafu, mpole, wa kuvaa koti hata jua likiwaka, na alimpenda marehemu kuliko anavyojipenda. Alikataa kuketi.

"Madame, jina yake inasema nini?"

"Inasema ni mutoto mwanaume wa kwanza."

"Voilà. Sasa kaka yake ulimutoa wapi? Ulimuokota?"

"Mama yake njo aliniambia."

"Mama iko na umri, na iko na kilio. Anachanganya mambo. Mambo ya jina haichanganyike."

Nilimweleza habari ya ukoo na hesabu iliyoanzwa upya. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyechelewa, kisha akaniaga. Chama ndicho kilichokuwa kinauza kitabu, Jumapili, kwenye milango ya kanisa baada ya misa na kwa Waprotestanti baada ya ibada. Jumapili iliyofuata sura ya kiti ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Matokeo yake, mji mzima uliweka birika jikoni kufungua kurasa kwa mvuke. Sijawahi kuona sura iliyosomwa hivyo. Waliisoma yote, na hawakuiamini.

Siku chache baadaye walikwenda kwa mama kumwomba akanushe. Nilipopata habari nilipanda kile kilima kwa pikipiki, nikakuta wameshaondoka. Vikombe vilikuwa bado mezani, na maua kila mahali.

"Ulibaambia nini?" nikauliza.

"Nilibaambia banywe chai."

"Njo ile tu?"

"Ningesema nini miye? Balikuya wengi, na maua, banamulilia mutoto wangu. Ningebafukuza?"

Jioni ile kundi la WhatsApp lilitangaza kwamba mama amekanusha kwa ukimya wake. Nilikasirika, nikaandika ujumbe mrefu wa kujibu, nao ukazama chini ya picha za marehemu na mikono ya kuomba. Kuelezana na watu wanaolia ni kazi isiyo na mlango wa kuingilia.

Ila aliyenishinda kabisa alikuwa mwanamke wa Beni. Nilikuwa nimekwenda huko kuonyesha kitabu kwenye ukumbi wa parokia. Watu walipokwisha kunisema alibaki yeye, muuza mawese, mikono yake bado myekundu. Mume wake na watoto wake wakubwa walikwenda shambani upande wa njia ya Mangina, na hakurudi mtu. Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, kama anayeuliza bei.

"Madame, miye siko na kaburi ya kwenda. Hatukubapata. Kila siku aliimbaka hapa, nilikuwa naangalia ile kiti, najua bwana yangu iko pale. Sasa unasema ni ya mutu mwingine, tena muzima. Bwana yangu atakaa wapi?"

Nilimshika mkono. Ningekuwa yeye, ningekichukia kitabu changu kuliko yeye alivyokichukia. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba nimeandika ukweli, na hakika hiyo haikunisaidia kitu.

Kilichobaki ni kukifikisha kitabu Manguredjipa, kama mama alivyotaka. Nilichukua vitabu visivyogandishwa nikawapa wanunuzi wa kahawa na kakao wanaokwenda Kasugho na Manguredjipa. Kwa muda mrefu waliniletea salamu tu. Kisha mmoja alirudi na habari. Kwenye baa moja ya Manguredjipa, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, mkimya, aliazima kitabu akakaa nacho kando. Aliporudisha aliuliza swali moja: kwenye ukumbusho ambao chama humfanyia marehemu kule Beni, kiti bado kinawekwa? Hakusema jina, na mnunuzi wa kahawa hakumuuliza, maana porini kule kuuliza majina si adabu.

Nilijua habari hiyo haitoshi. Wenye mvi ni wengi, na wapenzi wa mwanamuziki wetu wamejaa mpaka migodini. Lakini ningewezaje kumficha mama? Aliposikia, alitoa kitenge chake kizuri sandukuni akakipiga pasi siku ile ile, na ukumbusho ulikuwa bado mbali.

"Baweke kiti," akaniagiza. "Bila maua. Akiona maua atawaza tulishamuzika."

Nilikwenda kwa prezida nikijiandaa kugombana. Nilimwomba jambo moja tu, kiti kiwepo na maua yasiwepo, kwa kuwa ni mama anayeomba. Alifuta miwani.

"Kama ni mama, hakuna neno. Maua hatutaweka."

Nilimshukuru mpaka akaona haya. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu juu ya pikipiki.

Ukumbusho ulifanyika mchana, kama mambo yote ya Beni siku hizi, ili kila mtu afike kwake kungali na jua. Uwanja ulijaa. Nilimleta mama, nikamweka kivulini kando ya jukwaa, na yeye akaanza kutazama watu, uso kwa uso, kama anavyochagua maharagwe. Kiti kilikuwa pale juu, upande wa kushoto, kitupu. Prezida alikuwa ametimiza neno lake, hata jani moja halikuwepo. Nilikwenda kumtafutia mama maji.

Nilipogeuka, vijana wenye fulana walikuwa wanampandisha jukwaani, mmoja huku na mwingine huku, kwa upole kama wanabeba mayai. Prezida alikuwa ameshika mikro, machozi yanamtoka.

"Njo huyu mama!" akasema. "Njo huyu alizaa mwimbaji yetu, mutoto wake wa kwanza!"

Uwanja mzima ulisimama. Wakamwongoza mpaka kwenye kiti, wakamketisha.

Niliangusha chupa ya maji nikakimbia. Nilipiga kelele asikae pale, nadhani hata jina la Mungu nililitaja, lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza na spika ziko mbele yangu. Mama alijaribu kuinuka. Watu wakadhani anataka kucheza, wakapiga vigelegele. Akajaribu tena, na kijana mmoja akamwekea mkono begani kumwambia apumzike, asichoke. Karibu na jukwaa nilimwona muuza mawese. Alikuwa anamtazama mama akiwa kitini, na alikuwa analia kwa namna ya mtu aliyefarijika. Hapo nikasimama. Hata kama ningefika juu, ningemwondolea nani kiti, na ningempa nani?

Mama alikaa pale mpaka wimbo wa mwisho. Uso wake ulikuwa unageuka taratibu, kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, kisha unarudi. Watu walisema baadaye kwamba alikuwa anabariki umati.

Tulirudi Butembo kwa gari la chama, maua mengi miguuni mwetu, kwa sababu yale yaliyozuiwa kwenye kiti walimpa yeye. Prezida alikaa mbele, kila mara anageuka kumuuliza kama yuko sawa, na mama anaitika kwamba yuko sawa. Alisubiri mpaka tukashuka mlangoni kwake na gari likaondoka. Nilikuwa natafuta maneno ya kumpoza. Akanitangulia.

"Kama alikuya," akasema, "alikuta kiti yake iko na mutu. Na ule mutu ni miye mama yake."