Kilo za Direkta

Tangu jana magharibi Direkta hakutia kitu mdomoni, na asubuhi Mama Fidélie alimfichia hata sahani ya maji. Dokta Hilaire ndiye aliyeamuru: mnyama wa kulazwa kwa sindano tumbo liwe tupu, maana akitapika usingizini, matapishi yanarudi kwa njia ya pumzi. Basi mbwa alikuwa amekaa mbele ya chungu cha bukari, ugali wa kwao, kilichokauka, akimwangalia bibi yake kama mfanyakazi ambaye mshahara haujashuka.

"Usiniangalie vile," Mama Fidélie alimwambia. "Na minye sikukule."

Ilikuwa kweli. Hakuna kilichopita kooni tangu Jumapili.

Direkta alikuwa mbwa mdogo wa kubebwa kwapani, rangi ya chai ya maziwa, masikio makubwa kuliko uso. Jina alipewa na marehemu Michel, mume wa Mama Fidélie, aliyevunja mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Kakontwe miaka ishirini na sita. "Anakaa kivulini, anafokea kila mtu, kazi hafanyi," Michel alisema. "Huyu ni direkta wa kampuni." Sasa Direkta alikuwa na miaka kumi na mmoja, meno yake yameshikwa na ukoga mgumu kama chokaa ya hiyohiyo Kakontwe, shavu moja limevimba, na pumzi yake inafukuza nzi. Dokta alikuwa amesema waziwazi: uozo ule ukiachwa utashuka mpaka kwenye moyo. Lakini kusafisha meno ya mbwa aliye macho ni kutafuta kukosa vidole. Ni lazima alale.

Ndipo hapo neno lilipomchoma. Kulala.

Maana Michel naye alilala. Miaka mitatu iliyopita aliingia hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, apasuliwe ngiri, jambo dogo. Mlangoni alivua viatu akampa mkewe: "Nishikie, nitavivaa saa nane." Saa nane ilifika, viatu bado viko mikononi mwa Fidélie. Saa kumi ilifika. Mtu mmoja aliyevaa koti la kijani la hospitali akatoka, akasema moyo ulichoka na usingizi. Basi. Hakuna aliyemweleza zaidi, na yeye, mwanamke wa darasa la tano, hakujua aulize nini. Alirudi mtaani kwao Kikula na jozi ya viatu. Direkta akalala juu ya viatu vile mwezi mzima, na ukimsogeza anakuonyesha meno, wakati ule bado mazuri.

Majirani hawakuyajua hayo, au waliyajua wakayaruka. Alipopita na mbwa ndani ya kapu, mmoja alipiga makofi uani kwake.

"Shiye meno tunasugua na mukaa, imbwa ya Mama Fidélie inaenda ku dokta! Kesho atanunua miwani!"

"Akinunua, nitakukopesha," Mama Fidélie akajibu bila kusimama. "Pengine utaona vile watoto yako banatembea na makamasi."

Kila mtu Kikula aliujua ulimi ule. Hakuna aliyeona jinsi alivyolikumbatia kapu kifuani.

Dokta Hilaire alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la pumba za nguruwe. Kazi yake kubwa ilikuwa nguruwe, mbuzi, na chanjo za mbwa wa walinzi. Alikuwa na mizani pia, chuma kikubwa cha kupimia nguruwe, ambacho sindano yake ya kuonyesha uzito haisogei chini ya kilo kumi. Kwa hiyo wiki iliyopita alimwambia Mama Fidélie, muuza samaki: "Weye uko na balance ku soko. Mupime mu beseni, utoe uzito wa beseni, uniandikie." Naye alifanya, akaandika kwenye kipande cha karatoni ya samaki, kwa herufi zilizosimama wima: KILO 4.

Asubuhi ile karatoni ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza.

"Dawa inaenda na kilo, Mama," dokta alieleza, akimvua Direkta mkanda wa shingo. "Kila kilo na kipimo yake. Tukijua kilo, hatuna wasiwasi. Shika hii." Akampa ule mkanda.

Mama Fidélie akautazama mkononi mwake. Kama vile viatu vya Michel.

"Ataamuka?"

"Nilisha muamusha nguruwe ya kilo mia mbili."

"Sikuulize nguruwe."

"Mama, vraiment, unanitetemesha mukono. Wende ku soko. Urudie saa ine."

Akaenda, afanye nini. Alifunga mkanda katika pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni, akafungua meza yake sokoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na tomson, wale samaki wa barafu wanaouzwa kwa kilo, walikuwa wameanza kulegea kwenye sanduku. Mteja wa kwanza alikuwa Suzanne, ambaye waliimba naye korali moja, mwanamke mpole mwenye mikono minene, ambaye kazi yake ni kusaidia akina mama wanaojifungua katika maternité ya mtaani.

"Yaya," akamwita kwa heshima ya dada mkubwa, "nipimie kilo tatu."

Mama Fidélie akaweka samaki kwenye sahani ya mizani. Sindano ikapanda, ikasimama kwenye tatu kama askari. Akafunga. Suzanne akapokea mfuko, akaupandisha kidogo kiganjani, akaushusha, akaupandisha tena.

"Yaya. Hii si kilo tatu."

"Haukuone balance?"

"Niliona. Lakini hii mikono inapokea batoto miaka kumi na mbili. Mutoto wa kilo tatu ninamujua hata mu giza. Hii samaki yako," akaupandisha mfuko mara ya tatu, "ni prématuré, mutoto wa miezi saba."

Wauzaji wa pembeni wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mama Fidélie akasimama. Siku nyingine angemwacha aende na neno dogo tu, lakini leo roho ilikuwa juu, na roho ikiwa juu ulimi haungoji ruhusa.

"Suzanne! Minye unaniita mwizi mbele ya bantu? Balance haina mudomo, haiseme bongo, haidanganye mutu! Kilo ni kilo! Hii balance inapima kila kintu sawasawa, mihogo, samaki, hata imbwa yangu niliipima humu..."

Akageuka akaitazama sindano.

Tuseme kweli, maana hapa ndipo penyewe. Katika mji huu kilo haijulikani inalala wapi. Wachimbaji wakipeleka mawe yao kwa wanunuzi, mizani inapunguza. Mama akija kununua samaki, mizani inaongeza. Mwaka ule Michel alipozikwa, Mama Fidélie alimpa Jean-Luc, fundi wa saa, mizani yake ailegeze springi kidogo, kama walivyofanya wenzake wote wa mstari ule. Tatu ikawa inatoka nne. "Balance yangu ilisoma shule," walikuwa wakiambiana na kucheka. Miaka mitatu alikuwa ameiangalia sindano ile kila siku, akaizoea hadi akaiamini. Mtu anaweza kuwadanganya wengine kwa muda mrefu hata uongo ukahamia nyumbani kwake na kuvua viatu.

Direkta hakuwa na kilo nne. Alikuwa na tatu.

Na dawa inaenda na kilo.

"Saa ngapi?" Mama Fidélie aliuliza, na sauti haikuwa yake.

"Saa tatu na nusu. Yaya, uko na nini?"

Aliacha sanduku wazi, samaki wazi, na mizani inayoning'inia, akakimbia na kandambili. Suzanne, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba mtu amegeuka rangi, akakimbia nyuma yake na mfuko. Pikipiki ya teksi ikasimama. Wakapanda wote wawili. "Upesi!" Mama Fidélie alikuwa anampiga dereva mgongoni. "Upesi, baba, upesi!" Baridi ya asubuhi ya kiangazi ilimkata uso. Aliushika ule mkanda ndani ya pindo, na kichwani neno moja lilikuwa linazunguka kama nzi ndani ya chupa: na Michel, yeye nani alimpima? Kwa mizani ya nani?

Mlango wa dokta ulikuwa umefungwa. Aliugonga kwa viganja vyote viwili.

Hilaire alifungua akiwa na glavu. "Mama, nilisema saa ine..."

"Umemudunga?"

"Ya kwanza, ya kumulegeza. Ya pili niko nayo hapa." Bomba la sindano lilikuwa mkononi mwake, limejaa.

"Weka chini! Weka chini, Dokta, ile kilo si kweli!"

"Namna gani si kweli?"

"Nili... nilisoma mubaya."

Dokta alimtazama. Hakukasirika bado. "Ulisoma mubaya kiasi gani? Ni tatu na nusu? Ni tatu? Mama, niambie hesabu sawasawa. Dawa haijue haya."

Suzanne alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake. Mama Fidélie alimwona kwa pembe ya jicho. Alijua kwamba likitoka neno hili, halitarudi. Jumapili litakuwa limefika korali, Jumatatu soko zima.

"Balance yangu imelegezwa. Minye ndiye nilimuambia Jean-Luc ailegeze. Tatu inatoka ine. Imbwa iko na kilo tatu."

Dokta Hilaire aliweka bomba la pili kwenye sahani ya chuma, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha akageuka haraka kwenye meza.

Direkta alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na ulimi ule haukuwa mwekundu. Ulikuwa na rangi ya majivu. Dokta alimfungua jicho, akambonyeza ufizi, akaweka kipimo cha moyo kifuani akasikiliza muda ambao ulikuwa mrefu mno.

"Hata ile ya kwanza ilikuwa nyingi kwake," alisema. "Amezeeka, na moyo si wa zamani. Meno itangojea. Kwanza arudie."

"Mupe dawa ya kumuamusha!"

"Ile ya kuamusha haipatikane Likasi. Tumupashe moto, tungojee. Uhesabu pumzi. Dakika moya moya." Akavua saa yake akampa.

Mama Fidélie alihesabu. Kifua kidogo kilipanda, kikashuka, kikakaa. Kikakaa. Kikapanda. "Nane," alisema. Dakika ya pili: "Saba." Ya tatu: "Sita, Dokta. Ilikuwa sita." Akamshika mbwa sikio. "Direkta, weye mujinga, weye mulafi, amuka! Nani atafokea bantu? Nani? Utaniachia na mukanda? Na viatu na mukanda? Amuka nikupige!"

Suzanne aliweka mfuko chini, akavua shali yake.

"Yaya, sogea. Dokta, iko maji ya moto?"

"Iko ku mbabula, ku jiko ya makala."

"Weka mu chupa." Na akaanza kumsugua mbwa kwa shali, mgongo, mbavu, mgongo, kwa nguvu, kwa namna asuguavyo mtoto aliyezaliwa bila kulia. Alimpigapiga nyayo kwa kidole. Alimwinua kichwa ili koo linyooke. Chupa ya moto ikaja, akaifunga kitambaa, akaiweka tumboni. Hakumtazama Mama Fidélie hata mara moja. "Hesabu," alisema tu. "Usilie, hesabu."

"Sita... Sita... Tano."

Mama Fidélie alikaa chini. Alihesabu akiwa sakafuni, kidevu juu ya ukingo wa meza, macho yake sawa na pua ya mbwa. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Sita, sita, saba, kisha tena sita. Dokta alisikiliza moyo, akakaa, akasikiliza. Nje mtu aliuliza bei ya pumba, akajibiwa na dokta kwamba hakuna mtu.

Karibu na saa sita Suzanne alichoka mikono. Alijifuta jasho, akanusa hewa, akautazama mfuko wake uliokuwa unatoa maji sakafuni.

"Prématuré yangu inaoza," alisema.

Akatoa samaki mmoja, akamweka mbele ya pua ya Direkta.

Hakuna kitu. Dakika nzima hakuna kitu. Halafu pua ile kavu ikakunjamana. Upande mmoja tu, kidogo, kama mtu aliyetukanwa usingizini. Ulimi ukarudi ndani, ukatoka tena.

"Tisa," Mama Fidélie alinong'ona. "Tisa, Dokta. Niliona tisa."

Saa nane Direkta alikuwa amesimama juu ya miguu minne isiyokubaliana, akimfokea dokta kwa sauti ya mlevi. Mdomo ulinuka vilevile. Shavu limevimba vilevile. Hakuna jino hata moja lililoguswa.

"Mwezi ujao," Hilaire alisema. "Tutangoja apate nguvu, tuanze mupya. Siwezi kuacha ile uozo. Na utaniletea kilo ya kweli."

Mlangoni Suzanne alifunga shali yake iliyojaa manyoya. Mama Fidélie alimshika mkono.

"Suzanne, dada yangu..."

"Kesho nitakuya na beseni yangu," Suzanne alimkata. "Utanipimia mupya. Na ile ilipunguka Jumamosi ilipita, na ya Pasaka."

Kesho yake asubuhi, mbele ya mstari wote wa wauza samaki, Jean-Luc alikaza springi. "Mama, utabakia peke yako mu soko nzima," alimnong'oneza. "Kaza," alisema Mama Fidélie. Wenzake walimwangalia kama mtu anayevua nguo barabarani. Mmoja alitema mate. Mama Fidélie alimweka Direkta ndani ya beseni, akatoa uzito wa beseni. Sindano ikapanda, ikasita, ikasimama chini kidogo ya tatu.

Alichana kipande cha karatoni akaandika kilo mpya. Kisha akakikunja ndani ya pindo la kikwembe, mahali mkanda ulipokuwa jana, na vidole vikarudi kukipapasa, maana kilo sasa ilikuwa ya kweli, lakini usingizi wa mwezi ujao ulikuwa uleule.