Mgonjwa wa Mwalimu Salvina

"Mama zangu! Nani kati yenu akicheka anavuja? Asione haya! Ni kawaida! Anyooshe mkono, apate kanga!"

Maneno hayo yalitoka kwenye kipaza sauti saa nne asubuhi, katikati ya mnada wa Ushirombo, ng'ombe upande huu na mitumba upande ule. Mwalimu Salvina alikuwa ameinama akichagua vitunguu. Alihisi kama ametajwa jina mbele ya halaiki, akabaki vile vile, kitunguu mkononi, asithubutu kuinua kichwa.

Alipokiinua, aliona mikono. Si miwili wala mitatu. Mikono ilikuwa imejaa kuzunguka gari la matangazo kama darasa zima linalojua jibu. Wazee waliinua, wake walioolewa juzi waliinua, binti mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinua yote miwili. Jamaa mwenye fulana ya njano aliwagawia kanga zilizoandikwa STARA, NI KAWAIDA TU, na ubavuni mwa gari lake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye mvi na suruali nyeupe, akiruka juu kama mbuzi aliyefunguliwa. Mwalimu Salvina aliitazama picha ile kwa muda. Uso ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini na mitano. Mvi zilikuwa za kupakwa.

Jirani yake Sesilia alirudi na kanga yake amejitanda begani.

"Sesilia, na wewe unavuja?"

"Bebe!" Sesilia alishangaa kwa Kisukuma. "Kwa kanga pea nzima, mayu, mama yangu, hata kisigino changu kinavuja." Akacheka mpaka akashika meza ya vitunguu. "Mbona wewe hukuinua? Ungepata bure."

"Mimi sina shida hiyo," alisema Mwalimu Salvina, akalipia vitunguu vyake na kuondoka.

Alikuwa na shida hiyo kwa mwaka wa pili sasa.

Watu wa Ushirombo wanaomfahamu Mwalimu Salvina wanamfahamu kwa mgongo ulionyooka. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Mumewe, marehemu Mzee Bujiku, alikuwa katibu tarafa, mtu ambaye hata kwenda dukani kununua kiberiti alivaa shati lililopigwa pasi. Alipofariki, mjane wake aliichukua kazi ya kulinda jina la nyumba ile kama mtu anavyopokea funguo za ofisi. Hapakuwa na mtoto wa kwa Bujiku aliyeonekana barabarani akila muwa. Hapakuwa na ugomvi uliosikika nje ya ukuta. Wajane wenzake walikwenda kwake kuandikiwa barua, na walipotoka walijisikia wameketi mahali pa heshima.

Kisha mwili wake ukaanza kumfanyia mambo ambayo hakuyaruhusu. Akikohoa, tone. Akiinua ndoo, matone. Akicheka, basi. Aliacha kucheka kwanza, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi. Akakata vitenge vya zamani vipande vipande, akavifua mwenyewe na kuvianika chumbani. Akahama benchi la mbele kanisani, akaketi karibu na mlango. Mwishowe akaacha safari. Hakwenda Katoro alipobatizwa mtoto wa mwisho wa binti yake Loveness. Hakwenda Tinde alipozikwa baba mzazi wa Davis, mume wa Loveness, na hilo la msiba halikusahaulika. Mama yake Davis, Bi Zipora, mwenye karasha mbili za kusaga mawe ya dhahabu na mdomo usiopumzika, alilisema mbele ya waombolezaji: "Msomi wetu hawezi kukaa chini na watu wa vumbi. Tumwachie viti vyake."

Sasa Jumapili hii mjukuu wake Elieth angepokea Komunyo ya Kwanza huko Katoro. Loveness alikuwa amepiga simu, na hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Mama, hii ni mara ya tatu. Usipokuja, mimi sitakutetea tena. Nitakaa kimya, na wao watajua nyumba yetu imewakataa."

"Nitaangalia afya yangu, mwanangu."

"Afya gani, mama? Kila nikikuuliza unasema mzima."

Na ndivyo alivyokuwa akisema.

Usiku wa siku ile ya mnada hakuielewa dunia. Kwa miaka miwili alikuwa ameficha jambo ambalo, kumbe, lilitangazwa kwa spika mbele ya ng'ombe. Wanawake arobaini walikuwa wameinua mikono. Wangapi walisema uongo kwa ajili ya kanga? Na kama hata watano walisema kweli, ni wepi? Je, ni kawaida kwa sababu wengi wanayo, au ni kawaida kwa sababu kampuni imesema? Mumewe marehemu angesema kitu kimoja tu: mambo ya ndani hayapandishwi garini. Lakini mumewe hakuwahi kuketi misa ndefu ya saa tatu akihesabu vifungu vya mahubiri kwa hofu.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda duka la dawa. Alikuwa amejiambia atasema kama anayeomba chumvi. Lakini mwenye duka alikuwa Meshack, mwanafunzi wake wa zamani aliyemfundisha kusoma, na kwenye benchi walikuwa wameketi wateja wanne.

"Shikamoo, mwalimu!" Meshack alisimama kabisa.

"Marahaba. Nipatie hizo... hizo za Stara."

"Pampasi za wakubwa? Zipo. Saizi gani?"

Hakuwa amejua kwamba zina saizi.

"Mgonjwa ana mwili gani, mwalimu?"

"Kama... wa kwangu hivi."

"Kumbe mna mgonjwa nyumbani! Pole sana. Ni nani?"

Mwanamke aliyewachapa watoto fimbo kwa uongo miaka thelathini na mitano alifungua mdomo, na uongo ukatoka umevaa vizuri: "Shangazi. Shangazi Mbuke. Ameletwa kutoka Kharumwa."

"Ndiyo wa kulala tu?"

"Wa kulala tu."

Benchi zima lilisema pole. Meshack alikifunga kifurushi kwenye gazeti, akaongeza gazeti la pili, kisha akakitia kwenye mfuko wa kaki na kuukunja mdomo. Sabuni aliyoinunua pamoja nacho alimpa mkononi hivi hivi. Mwalimu Salvina aliyaona hayo yote mawili, na njiani yakamchanganya zaidi ya spika. Kama ni kawaida, mbona imevishwa magazeti mawili? Kama si kawaida, mbona imetangazwa mnadani?

Nyumbani alifunga mlango, akavaa moja. Ilikuwa na mlio kidogo kama karatasi ya andazi. Akatembea mpaka dirishani na kurudi. Akakohoa kwa makusudi. Akakohoa tena kwa nguvu. Kisha, peke yake chumbani, akajilazimisha kucheka, "Ha! Ha!", na kicheko cha uongo kikamchekesha kweli, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Palikuwa pakavu. Alijiona anaweza kufika Katoro, anaweza kufika hata Mwanza. Na papo hapo akajionea aibu kwa furaha ile, mama mzima wa kwa Bujiku kufurahia kitu cha namna hiyo.

Hodi ilipigwa saa kumi jioni.

Ushirombo mtu akisema ana mgonjwa, amekwisha kualika. Mwalimu Salvina alilijua hilo kuliko yeyote, maana mwenyewe alikuwa ameongoza misafara ya namna hiyo nyumba kwa nyumba, na bado wakati anasema uongo wake hakulikumbuka. Jumuiya yake nzima ya kanisani ilikuwa uani: watu kumi na wawili, Mzee Marselino mwenyekiti wao mbele na rozari mkononi, Sesilia na kilo mbili za sukari, Salome muuguzi wa kituo cha afya akiwa bado na sare yake, na mtu mmoja nyuma ameshika jogoo miguu juu.

"Tumesikia umeletewa mgonjwa, mwalimu," alisema Mzee Marselino. "Hukutuambia, lakini tumekuja hivyo hivyo. Tumwone shangazi."

"Amelala."

"Tutamwombea akiwa amelala. Mungu anasikia hata sauti ndogo."

"Ni Mbuke yupi wa Kharumwa?" aliuliza Salome. "Mimi ni wa huko huko. Ni Mbuke wa karibu na lambo?"

Mwalimu Salvina alisimama mlangoni akiziba njia kwa mwili wake. Akifikiri kusema shangazi amerudishwa Kharumwa, Salome angepiga simu kabla ya magharibi. Akifikiri kusema amefariki, Mzee Marselino angeanza kukusanya rambirambi pale pale. Aliona uongo ule ukikua mbele yake, ukipata nguo, ukipata kaburi. Na siku ungefichuka, watu wasingesema Salvina alikuwa na tatizo la mwili. Wangesema kwa Bujiku wanabuni wagonjwa.

Kati ya aibu mbili, hakujua ipi ndogo. Alichukua iliyokuwa karibu.

"Hakuna shangazi," alisema. "Mgonjwa ni mimi."

Mzee Marselino alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwalimu, mbona umesimama vizuri tu? Unaumwa nini? Tumwambie Padri alete mafuta?"

"Usimwite Padri. Vile vitu vya duka la Meshack ni vyangu. Nimevaa kimoja hapa niliposimama."

Jogoo alijikung'uta. Kisha Sesilia akamshika mwenyekiti bega.

"Mzee Marselino, hebu nenda kamwangalie huyo jogoo asikate kamba."

"Jogoo hana kamba."

"Basi kamtafutie."

Mzee alikwenda, na rozari yake. Wanawake wakaingia sebuleni bila kukaribishwa, na kwa muda wakaongea wote kwa pamoja. Mmoja alisema yeye tangu mapacha wake, miaka kumi na minne, na mumewe anadhani anapenda tu kuoga. Mwingine alisema, "Mimi namshukuru Mungu, sina hilo," akisema kwa namna ambayo Mwalimu Salvina aliikumbuka siku nyingi. Yeye mwenyewe aligeuka kwa Sesilia.

"Mkono wako mnadani, ulikuwa wa kanga au wa kweli?"

Sesilia alipanga sukari mezani, akaipanga tena. "Mwalimu, wewe nawe! Mtu akishapewa kanga, anaulizwa tena?"

Salome ndiye aliyezungumza taratibu. "Hali hii ina mazoezi yake. Mara nyingine ina dawa, mara nyingine inahitaji kuonwa na daktari. Wengi wanaweza kupata nafuu. Njoo kituoni Jumatatu nikuandikie rufaa. Kwani tangazo halikusema?"

"Tangazo lilisema ni kawaida."

"Kuwapata wengi ni kweli. Lakini malaria nayo inawapata wengi, mwalimu, na hatuivalii nguo tukanyamaza."

Mzee Marselino aliruhusiwa kurudi, na sala ikaanza. Walimweka mkekani katikati, wakamwekea mikono, wakamwombea "mama yetu aliye katika mateso" kwa sauti ambayo hutumika kwa watu wanaokata roho. Mwalimu Salvina alifumba macho asijue awakubali au awasimamishe. Mnadani aliambiwa hana tatizo lolote. Hapa anaombewa kama mtu wa kuzikwa kesho. Salome anasema ni mgonjwa wa Jumatatu tu. Katika hao watatu hakujua ni nani aliyemheshimu na ni nani aliyemtusi, na mwili wenyewe, mkavu chini ya gauni, haukutoa maelezo.

Jumamosi simu ikaita. Ushirombo na Katoro si mbali kwa habari.

"Mama, tumesikia unaumwa." Sauti ya Loveness ilikuwa laini, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa mwaka mzima. "Mbona hukusema? Mama Davis mwenyewe ametuma pole. Amesema usisumbuke kesho, upumzike. Hakuna tena mwenye kinyongo."

Kwa hiyo alikuwa amesamehewa. Lile alilolificha ili jina lisichafuke ndilo lililolisafisha, na sasa angeweza kubaki nyumbani kwa heshima zote, mgonjwa anayejulikana. Alishika simu sikioni akilitafuta kosa katika hesabu ile, asilione, na bado jibu likamkera.

"Nakuja," alisema.

"Mama, na hali hiyo?"

"Na hali hiyo hiyo. Mwambie Elieth asiingie kanisani kabla sijamwona na gauni lake."

Misa ya Katoro ilichukua saa tatu na robo. Bi Zipora alimpokea mlangoni, akamshika mkono kama anayevusha kipofu, akamketisha benchi la mbele kabisa, akakaa ubavuni mwake. Wakati wa matangazo alimwinamia.

"Kumbe ulikuwa unaumwa, na mimi nikasema ni kiburi."

"Hata kiburi kilikuwepo," alisema Mwalimu Salvina.

Bi Zipora alicheka kwa sauti, ndani ya kanisa, watu wakageuka, na Mwalimu Salvina naye akashikwa na kicheko akiwa mbele ya mashemasi na watoto themanini wenye mavazi meupe. Elieth, wa tatu katika mstari, aligeuka kumtazama bibi yake kwa mshangao. Hakuwa amewahi kumwona akicheka.

Nyumbani kwa Davis, masufuria yakiwa yanafunuliwa, Bi Zipora alikuja na sahani tupu mkononi, akasimama mbele ya kiti cha mgeni wake.

"Sasa mkwe, niambie vizuri nisikosee. Wewe ni mgonjwa au si mgonjwa? Nikuletee uji au pilau?"

Mwalimu Salvina alilifikiria swali lile kwa uaminifu, kama alivyowafundisha watoto wafikiri kabla ya kujibu.

"Pilau," alisema.