Dainamo ya Baba

Feni ya ofisini kwetu ina mlio wake. Ukiibonyeza haianzi mara moja. Inaguna kwanza, kisha sauti inapanda taratibu, inakuwa nyembamba, halafu inatulia kwenye mvumo mmoja usiokatika. Wenzangu wanalalamika kila siku kwamba ibadilishwe. Mimi nanyamaza, maana mvumo ule unanirudisha Nkuhungu, pale Dodoma, kwenye ua wetu wa udongo mwekundu, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, na baba amechuchumaa pembeni akizungusha pedali kwa mkono huku akiniuliza, "Inawaka, mama? Inawaka?"

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Zuhura. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi na moja.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa upya. Kama mna umri wangu mnakumbuka. Tulikuwa tumezoea rafu tupu, sabuni ya kukatwa vipande, na foleni ya sukari ambayo mtu anaweka jiwe limshikie nafasi. Kisha ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikaja, na duka la Bwana Jayanti pale mjini likabadilika kama nyumba iliyopata harusi. Dawa za meno zenye mistari ya rangi, redio za kaseti, miavuli ya maua, na vipuri vya baiskeli vimening'inizwa darini kama mikungu ya ndizi. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuangalia tu. Bwana Jayanti alitufukuza kwa upole, tukarudi, akatufukuza tena.

Ijumaa moja baba alirudi kutoka kazini na boksi la kijani chini ya kwapa. Mama alifikiri ni kitenge. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na dainamo inayong'aa kama chupa ndogo ya fedha, taa ya mbele yenye kioo cha duara, taa ya nyuma nyekundu, na waya uliokunjwa vizuri.

"Taa ya baiskeli," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kufurahi. "Baba Zuhura, miaka yote hii umeendesha bila taa."

"Barabara zimeharibika," baba alijibu. "Na giza la siku hizi ni zito."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Lazima niwaambie kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni pale stesheni. Anavuta wenzo mrefu wa chuma, reli zinasogea, na treni inaingia njia inayotakiwa badala ya kuingia njia yenye mabehewa yaliyosimama. Jioni alifanya kazi kwa kutazama taa. Nyekundu, kijani, mkono wa mwenzake ukipunga taa kwa mbali. Sare yake ya kaki mama aliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mtaani walimheshimu kwa kazi hiyo, na sisi watoto tulitembea vifua mbele kwa ajili yake.

Nyumbani alikuwa na kasoro moja tu, tena ya kuchekesha. Alikuwa anagombana na vigoda. Jua likishazama, ilikuwa lazima agonge kitu. Leo kigoda, kesho ndoo, keshokutwa birika la chai na chai yote chini. Kila mara alimlaumu mama kwa kuhamisha vitu. Mama alikuwa hajahamisha kitu. Mdogo wangu Hamisi alimwigiza vizuri sana, anatembea amenyoosha mikono na kujigonga ukutani, na sote tunacheka, baba naye akicheka.

Jumamosi asubuhi tukaanza kazi. Nasema tukaanza kwa sababu Hamisi alikimbilia mpira, na baba alihitaji vidole vidogo. Tuliipindua baiskeli, ile nyeusi ya Kichina, ikasimama juu ya usukani na kiti. Akafunga dainamo kwenye foki ya nyuma, akalegeza, akafunga tena, mpaka kile kigurudumu chake kidogo kikalala sawasawa ubavuni mwa tairi. Kikiegemea sana kinakula mpira, kikiegemea kidogo kinateleza. Akanionyesha kile kichuma cha kubonyeza ili dainamo iruke na kung'ata tairi. Nilikibonyeza mara ishirini kwa raha yake tu.

Kisha ukaja waya. Mmoja kwenda taa ya mbele, mmoja kwenda taa ya nyuma.

"Baba, mbona kila taa ina waya mmoja?" niliuliza. Darasani tulifundishwa kwamba umeme lazima uende na urudi.

Alifurahi mpaka akaacha spana. "Unarudi kwa kupita kwenye baiskeli yenyewe, mama. Fremu yote hii ni waya. Lakini rangi inauzuia. Ndiyo maana tunakwangua."

Akanipa kisu. Nikakwangua rangi nyeusi mahali pale dainamo ilipofungwa, na pale taa ya mbele ilipofungwa, mpaka chuma kikatoka cheupe. Harufu ya rangi kavu na ya chuma ilibaki mikononi mwangu mpaka wakati wa chakula. Waya tuliupitisha chini ya fremu, tukaufunga kwa vipande vya mpira wa tairi la zamani ili usipeperuke ukaingia kwenye spoki. Mafundo yote niliyafunga mimi. Ncha ya waya niliimenya kwa meno, na mama aliponiona alipiga kelele kutoka jikoni.

Baba akazungusha pedali. Dainamo ikaguna, ikapanda, ikavuma. Nilikuwa nimeziba taa kwa viganja kutengeneza giza, na ndani ya viganja vyangu vidole vikageuka vyekundu, nikaona damu yangu mwenyewe inang'aa.

"Inawaka, mama? Inawaka?"

"Inawaka!"

Watoto wa jirani wakaja. Mama akatoka na unga mikononi, akatazama, na safari hii alifurahi kweli.

Jumatatu jioni baba alirudi na kiwiko kimechubuka. "Taa haina nguvu," alisema. Alikuwa ameingia mtaroni. Kesho yake tukabadilisha globu. Jumatano akarudi na suruali imepasuka gotini. Tukakwangua rangi zaidi, tukasogeza dainamo, tukasafisha kioo kwa majivu. Alhamisi taa ya mbele ilikuwa imepinda. Alikuwa amegonga mwembe wa watu. Siku hiyo hakuna aliyecheka, hata Hamisi.

Ijumaa akanichukua mpaka kwa Fundi Chilongani, Mgogo mmoja mcheshi aliyetengeneza baiskeli karibu na soko. Fundi akazungusha gurudumu, akaelekeza taa kwenye kivuli cha kibanda chake, akatikisa kichwa.

"Mzee, taa hii nzima kabisa. Hii inamulika mpaka Bahi."

"Haioneshi kitu," baba alisema.

"Aliyeifunga nani?"

"Mimi na huyu."

"Basi mmefunga kama mafundi. Sina cha kugusa hapa. Ningegusa ningekuibia."

Sijawahi kumwona baba akikasirika mbele za watu, ila siku ile. Alinyakua baiskeli, akaondoka bila kuaga, nami nikakimbia nyuma yake nikimwomba fundi radhi kwa mkono.

Jumapili, jua lilipozama, akasema nipande keria. "Tunakwenda kuijaribu wote. Wewe uniambie inamulika mpaka wapi."

Tukatoka. Nikumbuke vipi jioni ile isinichome? Upepo wa Dodoma ulikuwa umepoa, vumbi limelala, harufu ya moshi wa kuni kila nyumba. Dainamo ilivuma chini ya mguu wangu, nami nilichungulia kando ya mgongo wa baba nikitangaza kama mtangazaji wa redio. "Jiwe kulia, baba. Mbuzi wawili. Duka limefungwa. Kuna mama anakuja na ndoo." Mwanga ulikuwa mzuri, wa njano, umetandazwa barabarani kama mkeka. Yule mama alikuwa katikati ya mkeka ule. Niliona khanga yake, niliona maji yanavyocheza kwenye ndoo kichwani. Nilingoja baba akate kona. Hakukata.

"Baba, mama huyo! Baba!"

Yule mama aliruka, ndoo ikaanguka, nasi tukaanguka juu ya maji yake. Nilipoinuka nilikuwa nimelowa matope na goti linawaka moto.

"Hee! Baba wewe!" yule mama alisema, amejishika kiuno. "Na taa yote hiyo, hukuniona?"

Baba alikuwa chini bado, anapapasa akitafuta kofia yake. Kofia ilikuwa mbele yake, hatua moja. Aliipapasa kushoto, akaipapasa kulia. Niliiokota nikampa. Na hapo, kwa maumivu ya goti na kwa hasira ya mtoto aliyeiosha na kuikwangua taa ile wiki nzima, nikasema:

"Taa inawaka, baba. Wewe ndiye huoni."

Alimwomba yule mama msamaha, akamwambia atamtekea maji mengine, yule mama akasema haina haja, ampeleke mtoto nyumbani. Kisha baba akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Sana?"

"Mpaka kwenye ukuta ule pale."

Alilizungusha muda mrefu, ameelekeza uso kwenye ukuta ambao nadhani hakuuona. Halafu akaliacha likasimama lenyewe. Tulirudi kwa miguu. Mimi nilisukuma baiskeli, yeye aliweka mkono begani kwangu. Nilijiona nimesamehewa, nikadhani ananishika kwa kunionea huruma. Leo najua nilikuwa namwongoza.

Asubuhi alivaa sare, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda. Alirudi alasiri, mikono mitupu. Baada ya hapo hakwenda tena stesheni. Nyumbani hakuna aliyenieleza. Niliona tu mama anaanza kukaanga maandazi alfajiri, niliona sare imekunjwa na kuwekwa chini ya sanduku, na mwisho wa mwaka tukahamia Kongwa kwa mjomba, kulima alizeti. Siku tunafunga mizigo, shangazi yangu, dada yake baba, alisema nikiwa nasikia, "Mtoto huyu ana mdomo. Angenyamaza, baba yake angekuwa bado na kazi."

Neno lile nilikaa nalo. Nilikua nalo. Nikawa msichana asiyesema kitu mbele za watu, mwalimu akiuliza swali ninalolijua nanyamaza. Niliamini kwamba nilisema barabarani, watu wakasikia, habari ikafika stesheni, baba akafukuzwa. Kongwa baba alilima mchana vizuri tu, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku ili aone jembe liko wapi, na jioni tulimshika mkono. Hakuwahi kunigombeza. Nami sikuwahi kumwomba msamaha. Alifariki nikiwa nimeshaolewa.

Ni mama aliyenifungua, miaka mingi baadaye. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamwambia kile alichosema shangazi. Aliweka ungo chini.

"Nani alimfukuza baba yako? Hakuna aliyejua, Zuhura. Hata yule mama wa ndoo hakumjua ni nani."

Akanisimulia. Wiki moja kabla ya lile boksi la kijani, baba alikosea taa ya mwenzake kule stesheni, akavuta wenzo sivyo. Mabehewa ya mizigo yakaanza kuingia njia yenye watu wanaopakua magunia. Mwenzake alipiga filimbi, yakasimamishwa, hakuna aliyeumia, na yule mwenzake akalificha jambo hilo. Baba akajiapia kwamba ni giza, ni taa mbovu za stesheni, ni vumbi. Akanunua taa yake mwenyewe, nzuri kuliko zote, ili ajithibitishie. Wiki nzima ile tuliyokwangua rangi na kubadilisha globu, mimi nilikuwa natafuta ubovu kwenye waya. Yeye alikuwa anauomba uwepo.

"Usiku ule hakulala," mama aliniambia. "Akasema, nimedanganywa na watu wazima wenzangu na nimejidanganya mwenyewe, mpaka mtoto ameniambia. Akasema, hawa wa magunia wana watoto kama huyu. Asubuhi akaenda mwenyewe kwa mkuu wa stesheni, akamweleza yote, hata lile lililofichwa, ila jina la mwenzake hakulitaja."

Nikabaki na mchele mkononi. Miaka yote nilijipa mimi kosa, na kwa kujipa kosa nikamnyima yeye jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya. Sasa nina kazi yangu ninayoiogopea, nina watoto wanaokula kwa kazi hiyo, ndiyo najua njia ya kutoka Nkuhungu hadi stesheni ilikuwa ndefu kiasi gani asubuhi ile.

Nilimuuliza mama kwa nini basi baba alichelewa kurudi siku ile, maana nakumbuka ilikuwa alasiri.

"Treni ya abiria ilikuwa njiani kutoka upande wa Bahi," alisema. "Wenzo alikuwa ameshamkabidhi mtu mwingine. Akasema hawezi kuondoka kabla haijapita. Alisimama pale kwenye jua mpaka behewa la mwisho likaingia njia yake, ndipo akaja nyumbani."