Bwawa Lisilozaa

Kazi yangu ni kutenganisha samaki. Mwenye bwawa la tilapia akitaka wakue haraka, huniita nimtolee majike, maana wakiachwa pamoja na madume huzaana mpaka bwawa likajaa visamaki vya ukubwa wa kidole. Namgeuza samaki tumbo juu, napaka tone la dawa ya zambarau karibu na mkia, na vitundu vinajitokeza. Dume ana viwili, jike ana vitatu. Nimeifanya kazi hii miaka mingi bila kusitasita.

Halafu mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake chini ya mji wa Kithimani, akanipigia simu na shida ya kinyume, akiniita mwanawe kwa Kikamba.

"Mwana wakwa, hawa samaki wangu hawazai. Mwaka mzima sijaona hata kifaranga kimoja."

Nilimkuta kando ya bwawa na ndoo ya chakula. Alirusha konzi moja, samaki wakaja juu, wakubwa, wanono. Nilichoka kungoja wafukuzane. Madume ya tilapia hugombana siku nzima, lakini hawa walikula polepole, kwa adabu, kama wageni kwenye matanga.

Nilimgeuza wa kwanza. Kitundu cha tatu kilikuwapo, lakini hakikukamilika, kama mdomo ulioanza kusema ukanyamaza. Wa pili hivyo hivyo. Nilipofika wa kumi na tano, beseni la madume lilikuwa tupu na la majike lilikuwa tupu. Wote niliwaweka katika la tatu, nisijue niliite nini.

"Nipasue mmoja?" nikauliza.

"Pasua."

Ndani mlikuwa na nyuzi mbili nyeupe, viungo vya dume. Nilipozikata, zikamwaga punje za manjano kama mtama. Mayai. Mama akainama, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Samaki mwenyewe alikuwa bado anafumba na kufumbua mdomo.

"Maji unatoa wapi, mwaitu?" nikamwuliza, nami nikimwita mama kwa Kikamba.

"Mto Athi. Tangu ukame uanze nasukuma na pampu."

Tuliteremka kuutazama mto. Povu jeupe lilikuwa limekwama kwenye mizizi, nalo halikupasuka hata upepo ulipolipiga. Maji yalinuka sabuni, kama nguo zilizofuliwa jana.

Nilipeleka samaki watano Machakos mjini, ndani ya barafu, kwa afisa wa uvuvi. Aliwapeleka wapimwe, na baada ya majuma kadhaa akaniita. Alieleza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. Maji taka ya mijini huteremka na dawa, sabuni, na mkojo wa watu wanaomeza homoni. Baadhi ya vitu hivyo hujifanya homoni za kike, na mwili wa samaki dume huviamini.

"Na hawaonekani wagonjwa?" niliuliza.

"Hapana. Wananenepa tu."

Nilirudi kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Mimi nimekunywa hii maji," alisema. "Nilichemsha, lakini nimekunywa."

Kichwani nilikuwa nikihesabu mara nilizokunywa chai kwake.

Alizima pampu siku hiyo. Tulipotoa maji, nilitegemea kuona mashimo ambayo madume huchimba yawe viota, ya mviringo kama sahani. Sakafu ya bwawa ilikuwa laini kabisa, kama shuka iliyopigwa pasi. Tulisimama pale kando ya tope na hakuna aliyetaka kuikanyaga kwanza.

Samaki tuliwazika. Mvua iliponyesha alijaza bwawa kwa maji ya paa, nikamletea mbegu mpya, vifaranga vya madume na majike, na baada ya miezi kadhaa akanipigia akilia kwa furaha: majike wawili walikuwa na mayai mdomoni, ambamo tilapia huyaatamia. Nilifurahi naye. Siku hizi nikifika kwenye bwawa la mtu naulizia maji kabla ya kushusha beseni, na wengine wananicheka. Wacha wacheke. Majirani wawili wa yule mama bado wanasukuma maji ya mto, na mmoja amenialika mwezi ujao. Anasema samaki wake ni wanono kuliko wa mtu yeyote.