Toba ya Mtunzi wa Sifa za Marehemu

Katika mji wetu wa Wexcombe, pwani ya Massachusetts, hakuna mtu mbaya aliyewahi kufa. Wabaya waliishi, tena kwa wingi, lakini wakikata roho tu waligeuka malaika, na kazi ya kuwageuza ilikuwa ya Mehitabel Snell, mjane wa mtengeneza mishumaa.

Desturi ilikuwa hii: mtu mwenye cheo akifa, jeneza hufunikwa kitambaa cheusi, na juu ya kitambaa hubandikwa karatasi ya beti za kumsifu. Mchungaji huzisoma kwa sauti, wafiwa hulia, kisha waalikwa hugawiwa glovu za ngozi za kukumbukia msiba. Beti zote za Wexcombe zilikuwa na sahihi ya Mchungaji Eliphalet Wadham. Bwana huyu alisoma chuoni, alijua Kilatini na Kiebrania, ila vina viwili visingekaa pamoja mkononi mwake hata angefungiwa navyo chumbani mwaka mzima. Basi kwa miaka ishirini Mehitabel alitunga jikoni huku akichovya tambi za mishumaa kwenye shahamu, na Mchungaji akatia sahihi. Wakubwa wa Boston walipomsifu kwa kipaji chake, aliinamisha kichwa akasema ni neema ya Mungu tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huyu hakuona haja ya kumtaja muundaji.

"Mwanamke akitia jina lake kwenye karatasi, Bi Snell, watasema ana kiburi," alimweleza mara nyingi. "Mimi nakubebea mzigo huo."

"Mungu akulipe, Mchungaji. Naona unavyokuchosha."

Malipo ya Mehitabel yalikuwa jozi moja ya glovu kwa kila maiti, zile za kiume, kubwa kupita kiasi, zilizobaki baada ya Mchungaji kujichagulia. Alizitumia kushikia sufuria za moto.

Usidhani hakujua anachokifanya. Mzee wa kanisa Barnabas Stroud aliwauzia wajane unga miaka thelathini huku kidole chake kikiegemea mizani, na Mehitabel, mmoja wa wajane hao, ndiye aliyemwandikia alipokufa kwamba alikuwa na mkono wazi kwa maskini. Mji mzima ulilia. Waliolia zaidi ni waliopunjwa.

Mara moja tu katika maisha yake aliandika kweli. Binti yake wa pekee, Desire, alikufa kwa ndui akiwa na miaka kumi na tisa. Mehitabel akatunga beti nne bila sifa hata moja ya kukopa. Alisema Desire alikuwa mvivu wa kusokota sufu. Alisema aliharibu zaburi kwa sauti yake ya chura na hakujali, na kwamba alikuwa akicheka mkate ukiwa mdomoni, makombo yakamrukia kila aliyekaa karibu. Ubeti wa nne ulimwambia Mungu waziwazi kwamba mama mtu bado hajakubali.

Alimpelekea Mchungaji karatasi, akamwomba aibandike kwenye jeneza.

"Binti wa mtengeneza mishumaa habandikiwi," alisema Wadham. "Tukianza hivyo, kesho kila mvuvi atadai beti zake. Tena huu wa mwisho unagombana na Mungu. Niachie karatasi hii, isije ikakupotosha."

Desire akazikwa bila karatasi. Miezi minane baadaye akafa Lydia Pynson, binti wa Hakimu, naye ana miaka kumi na tisa. Mehitabel alikuwa ameungua mkono kwa shahamu, hawezi kushika kalamu, na Mchungaji alibaki peke yake na kipaji chake. Kwa hiyo akatumia akili. Alikata ubeti wa nne, akafuta Desire, akaandika Lydia.

Mehitabel alikuwa amesimama nyuma, pamoja na wanawake, mkono umefungwa kitambaa, alipomsikia mwanawe akisomwa juu ya jeneza la mtu mwingine. Makombo ya mkate, sauti ya chura, kila kitu. Hakimu Pynson alilia mpaka akashikiliwa mabega.

Miaka mitatu Mehitabel alinyamaza, maana yeye alikuwa mke wa nani, mwana wa nani, hata ashindane na mchungaji? Kisha ikaja habari kwamba mchapaji mmoja wa Boston anataka kuzikusanya beti za Wadham ziwe kitabu, na kwenye ukurasa wa kwanza ni zile za Lydia. Hapo Mehitabel aliogopa kweli. Karatasi ya jenezani huoza, lakini kitabu kikishapigwa chapa, Desire atakuwa Lydia milele na milele.

Akaenda kubisha hodi. "Karatasi nyingine zote thelathini na moja chukua," alisema. "Sikudai hata moja. Nirudishie ya Desire tu."

"Hakimu ndiye mfadhili wa kitabu," alijibu Wadham. "Nimwambie nini? Kwamba alilia bure?"

"Mwambie ukweli."

"Una hasira, Bi Snell. Hasira ni dhambi. Itubie mbele ya kanisa, roho yako itatulia."

"Nitatubu, Mchungaji," akasema. "Jumapili hii hii."

Kwetu mwenye kutubu husimama mbele ya watu wote. Na kwa kuwa mwanamke hasemi kanisani, huandika toba yake, na mchungaji huisoma kwa niaba yake, neno kwa neno mpaka mwisho, ikikatizwa, haihesabiwi. Kisha wanaume huinua mikono kumsamehe. Wachungaji waangalifu huipitia kwanza nyumbani. Wadham alikuwa amezoea kupokea karatasi za mwanamke huyu mlangoni na kuzisoma papo hapo mbele ya watu, na kila mara alisifiwa. Aipitie ya nini?

Jumapili ilikuwa ya baridi kali, mkate wa ushirika umeganda, Mehitabel amesimama mbele na shali yake. Wadham akafungua karatasi, akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake nzuri aliyoipenda kuliko sisi tulivyoipenda.

"'Mimi, Mehitabel Snell, natubu dhambi ya uongo. Nilisema Mzee Stroud alikuwa na mkono wazi. Mkono wake nilioujua mimi ni ule uliokuwa juu ya mizani.'"

Watu wengi wakapatwa na kikohozi ghafla. Macho ya Mchungaji yaliona hatari, lakini ulimi ulishatangulia.

"'Nimeandika uongo wa namna hii mara thelathini na moja, na Mchungaji Wadham ameutia sahihi wote kana kwamba...'" Akakunja karatasi. "Ndugu zangu, dada yetu ni mgonjwa. Tumwombee."

"Soma," ilisema sauti kutoka benchi la mbele. Hakimu Pynson alikuwa amesimama.

"Hakimu, haya hayafai masikioni mwa..."

"Toba husomwa mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyetufundisha. Soma, bwana!"

Akasoma, sauti imebaki ya mbu. "'Mara moja nilisema kweli. Beti zilizobandikwa kwa Lydia Pynson ni za binti yangu Desire, aliyezikwa bila neno. Naomba msamaha kwa zile za uongo. Kwa hizi siombi.'" Chini yake kulikuwa na beti zote nne. Alizisoma zote, hata ule aliouogopa, na jina la Desire likatamkwa kanisani kwa kinywa kile kile kilicholifuta.

Wanaume sasa walitakiwa kuinua mikono. Wakimsamehe uongo, wamekiri kwamba Mzee Stroud alikuwa mwizi. Wasipomsamehe, ni kama kusema hakuna uongo, na Stroud yuko mbinguni na mizani yake. Waheshimiwa wakatazama dari, wakaipata nzuri sana siku hiyo.

Hakimu Pynson akatoka kwenye benchi lake, akaenda mpaka alipo Mehitabel.

"Lydia wangu hakuwahi kucheka na mkate mdomoni," alisema. "Nilijua siku ile ile kwamba si yeye."

"Ulijua?" Mehitabel alisema, tena kwa sauti, na hakuna aliyekumbuka kumkataza. "Ulijua, ukaondoka na mwanangu?"

"Nilitamani wangu angekuwa kama yule." Aliingiza mkono kifuani, akatoa ile karatasi ya jenezani, aliyoibandua kabla ya kuzika, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. "Kitabu hakitachapwa. Mchukue mwanao."

Mehitabel akaipokea kwa mikono miwili. Hasira ya miaka mitatu alikuwa amekuja nayo yote, na alikuwa tayari kummwagia mtu. Lakini mzee wa watu alikuwa bado amenyoosha mkono mtupu, hajui aurudishe wapi.

"Na yeye alikuwaje?" akamuuliza. "Niambie nimwandikie wake. Ila usinipe sifa, Hakimu. Nimechoka nazo."

Hakimu alifikiri.

"Alikuwa mtoto wa kununa," akasema, na hapo hapo akaanza kulia.