Fundi Cherehani Anayenakili Okestra kwa Chaki

Saa moja asubuhi, Selpher Navalayo bado hajagusa cherehani. Ameketi kwenye kibaraza chake mtaani Shieywe, mjini Kakamega, macho ameyafumba, sikio liko kwenye redio kaseti. Magotini ametandaza karatasi ya kaki ya kukatia mitindo. Anasikiliza kidogo, anasimamisha kanda, anaandika kwa chaki: soh, lah, doh.

"Hapa filimbi iko peke yake," ananong'ona. "Inauliza. Ngoja... sasa fidla zinajibu."

Navalayo, mwenye umri wa miaka 44, ambaye wenzake humwita Mama Maurine, hushona sare za shule. Muziki alijifunza kanisani kwa sol-fa, ile ya doh, ray, me, na hajawahi kuona okestra kwa macho yake. Hata hivyo, tangu Januari mwaka huu wa 1996 amekuwa akinakili muziki wa okestra kutoka filamu moja ya katuni ili upigwe na kikundi chake cha watu saba: filimbi mbili, shiriri tatu, zile fidla za uzi mmoja, na ngoma mbili za isukuti.

Kanda hiyo ilirekodiwa na Mathew Makhanu, mwenye banda la video huko Amalemba, aliyeweka redio karibu na spika Jumapili moja mchana. Ndiyo maana katikati ya wimbo mtu anakohoa.

"Nusura nimpe Barasa, mpiga ngoma wetu, hicho kikohozi akipige kwa ngoma," anasema, akicheka hadi anashika mbavu.

Wimbo wenyewe ni wa mapigo matatu, wa kubembeleza. Unaanza chini, unapanda taratibu, kisha unahamia ufunguo mwingine wa sauti na kila kitu kinakuwa chepesi. Tarumbeta zinasikika kwa mbali, kama ziko ng'ambo ya msitu penye ukungu. Mwishoni haurudi doh, sauti ya nyumbani. Unabaki soh, ukielea. Mwandishi wa makala haya alipousikia, alisahau kalamu mkononi.

"Nilikuwanga naona marehemu mama akitoka kwa shamba la miwa jioni," anasema Navalayo. "Anatembea tu, hana haraka. Nililia sana."

Wiki mbili zilizopita alikwenda kuitazama filamu yenyewe kwa mara ya kwanza. Wimbo wake ulipofika, karibu asiutambue. Ulikuwa unakwenda mbio, na kwenye skrini bata wawili walikuwa wakikimbizwa na mpishi mwenye mwiko. Banda zima lilikufa kwa kicheko.

Kosa lilikuwa la betri. Betri mpya nne ni kama shilingi 120, pato lake la siku nzima, kwa hiyo huzianika za zamani juani zipate nguvu kidogo. Redio ilikuwa ikiivuta kanda kwa kujikokota, na sauti zote zikashuka pamoja. Na kwa kuwa sol-fa hufuata umbali kati ya sauti na sauti, noti zake zote zilikuwa sahihi. Mwendo tu ndio uliompotea.

"Nilitaka kuchoma hizo karatasi," anakiri. "Miezi yote hiyo namlilia mama kwa wimbo wa bata!"

Jumamosi hii kikundi chake kinapanda jukwaani kwenye tamasha la muziki mjini hapa. Mshindi ataenda Nairobi, na mara tatu wameishia hapahapa. Mwamuzi mmoja ameshamwonya: kuacha mwendo wa mtunzi ni kupoteza alama.

Jana mazoezini, hapo kibarazani, walijaribu mwendo halisi. Barasa, mpiga isukuti, alichangamka. "Mama Maurine, hii ndiyo isukuti hupendanga!"

Mzee Osiako alishusha upinde wa shiriri yake. "Binti yangu, mkono wangu umezoea kutembea. Kukimbia tuwaachie bata."

Wakaupiga tena, polepole. Jescah, mteja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe, aliketi kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Mnamlilia nani?" aliuliza walipomaliza.

"Mama," Navalayo alijibu.

Sasa juu ya karatasi ya kwanza ameandika kwa wino: Polepole. Anapanga kumweleza mwamuzi habari za betri kabla ya kupiga, asije akadhani hawaujui mwendo halisi.

"Nairobi naitamani, sikatai. Nataka siku moja nione okestra," anasema, akikunja karatasi zake. "Alama ni zake. Lakini hao bata wakishamaliza kukimbizwa, si watarudi nyumbani? Sisi tutapiga hiyo njia ya kurudi."